Hodi Kabla ya Kufagia

Nimesikia kwamba mnataka kukiondoa kiraka changu. Sijaambiwa rasmi, mstaafu haambiwi kitu rasmi isipokuwa misiba. Nimeambiwa na mmoja wenu aliyekuja kunijulia hali hapa Kahama, akanywa chai yangu, akala viazi vyangu, halafu akaniarifu kwa upole mwingi kwamba maboksi yetu yanachelewa kuwaka kwa sababu ya "ile kitu ya Mama Limi," na kwamba kikao kijacho kitaijadili. Haya. Kabla hamjaijadili, someni hii mpaka mwisho. Vyeo na mishahara siviandiki, maana vilikuwa vya kawaida na vimekwisha.

Kwa aliyeajiriwa juzi, nieleze kazi yenyewe. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi isiyoonekana na mtu, inayosimama kati ya programu na mashine. Ndani ya kiini kuna sehemu inayotunza mafaili: inajua faili lipi limekaa wapi kwenye diski, lina ukubwa gani, na nani analitumia. Mimi nimeishi humo maisha yangu yote ya kazi. Majirani zangu wanaamini nilikuwa nauza kompyuta, na nimeacha kuwasahihisha.

Nilianzia Isaka, kwenye bandari kavu, katika ofisi iliyotengeneza mashine za kurekodi uzito wa malori. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya visigino, vumbi la Isaka likavimaliza kabla ya saa nne. Fundi mkuu alikuwa Mzee Hamidu, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyosafishwa mpaka ikakosa rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unajua kuchomoa?"

Sikuelewa. Akanionyesha rafu ya mashine zinazoandika data bila kupumzika, akanipa kigoda, akasema kazi yangu ya siku hiyo ni kuchomoa waya wa umeme mashine ikiwa katikati ya kuandika, kuuchomeka tena, na kumwambia nilichokuta. Nilichomoa siku nzima, na wiki ile yote. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya hesabu, nimekaa kwenye kigoda nachomoa nyaya, na nilikuwa na hasira ya kutosha kupikia ugali.

"Umeme wa huku hauagi," aliniambia siku nilipomlalamikia. "Unaondoka tu. Kwa hiyo kiini chako kiwe tayari kufa katikati ya neno, na kikifufuka kijue kilikuwa kinasema nini."

Hiyo ndiyo elimu. Mengine yote niliyoyafanya baadaye, kupanga nini kiandikwe kwanza na nini kifuate ili mashine ikizimika ghafla data isivurugike, yalitoka kwenye kigoda kile.

Mzee Hamidu alikuwa na tabia moja tuliyoicheka. Kila alipotaka kuwasha mashine iliyozimika ghafla, alisimama mbele yake, akagonga bati kwa kidole, akasema, "Hodi." Halafu alisubiri kidogo ndipo akabonyeza. Nilidhani ni mambo ya kwao Tanga. Nilimuuliza, akanijibu kwa mfano. Alichukua mashine iliyokuwa ikirekodi, akafuta jina la faili mbele yangu.

"Faili limekwenda wapi?"

"Limefutika."

"Tazama diski."

Nikatazama. Nafasi haikuongezeka hata kidogo; badala yake ilizidi kupungua. Programu ilikuwa bado imelishika lile faili na inaendelea kuliandika, ingawa halikuwa tena na jina mahali popote.

"Jina ni kibao cha mlangoni," akasema. "Ukiking'oa, aliyemo ndani hajatoka. Wewe usiulize faili linaitwaje. Uliza nani amelishika."

Kisha akachomoa waya. Akauchomeka tena bila hodi, makusudi, na mashine ilipowaka diski ilikuwa nyeupe. Kiini kinapoamka baada ya kifo cha ghafla hukagua mafaili yasiyo na jina wala mshikaji. Tunayaita mafaili yatima. Kinayafagia yote bila kuuliza, na mara nyingi ni sawa, maana mara nyingi ni takataka. Nilikuja kuwa mtunzaji wa msimbo wa fagio hilo. Nililifanya liwe jepesi, likawa halipotezi muda, na watu wa nchi za mbali ambao sijawahi kuwaona waliliandikia sifa. Nililipenda. Nawaambieni ili msije mkadhani nina chuki na usafi.

Baadaye nikahamia Kahama, kwenye hii kampuni yetu ndogo, tukaanza kutengeneza maboksi ya kusikiliza mwamba. Mnayajua: masikio mawili yanashushwa chini ya mgodi, kila moja na waya wake, na boksi juu linarekodi kila mtikisiko ili watu waonywe mwamba ukianza kusogea. Sauti ikifika sikio moja kabla ya jingine, unajua imetoka upande gani. Tuliyauza kwa vikundi vya wachimbaji wadogo kuanzia Geita mpaka huku Msalala. Kikundi kimoja karibu na Segese walikuwa na duara refu, yaani shimo la kuingilia, na chini kabisa njia mbili: moja ya mashariki, moja ya magharibi. Sikio moja kila upande. Fundi wao wa boksi na jenereta aliitwa Kulwa, mtu mzima, mwangalifu, ila alikuwa na mazoea ambayo nimeyakuta kwenye kila mgodi: boksi likilalamika kwamba nafasi imekwisha, anafuta faili la siku hiyo huku kinasa kinaendelea, halafu anashangaa nafasi haiongezeki.

Siku hiyo alifuta asubuhi, kabla watu hawajashuka. Baadaye mwamba ulianguka.

Alinipigia simu mchana. Wote walikuwa wametoka isipokuwa mmoja, Luhende, aliyekuwa amebeba magogo ya kuegemeza kuta, na hakuna aliyejua aliyapeleka njia ipi. Njia zote mbili zilikuwa zimezibwa na mawe. Kulwa alisema amevaa vifaa vya masikioni akasikia kitu kinagonga, lakini kabla hajajua ni upande gani jenereta likaishiwa mafuta, kwa kuwa kila mtu alikuwa shimoni.

"Mama, dizeli imefika. Niwashe boksi?"

Nilipiga kelele mpaka mwanangu Limi akatoka jikoni mbio. Nilimwambia Kulwa asiliguse, asilisogeze, achomoe waya kabisa na akae pale alipo. Maana faili la siku ile halikuwa na jina, na sasa halikuwa na mshikaji. Boksi likiwaka, fagio langu mwenyewe, lile lenye sifa, lingelimaliza kabla ya skrini kuleta mwanga.

Nilichukua boksi la akiba na kompyuta yangu, nikapata gari. Segese mnaijua kwa kelele: karasha zinasaga mawe kutwa, muziki, pikipiki, watu wanaopatana bei kwa kupigizana makelele. Siku ile nilishuka kwenye gari mchana kweupe nikasikia viatu vyangu. Karasha zote zilikuwa zimezimwa. Watu walikuwa wamesimama juani bila kusema, na jua lilikuwa limesimama nao.

Mke wa Luhende, Mama Minza, alikuwa ameketi juu ya kifusi, mjamzito. Aliniamkia, nikaitikia. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mama, utanisikilizia?"

Tuliunganisha boksi la akiba kwenye nyaya za masikio. Nikavaa vifaa. Kwa muda kulikuwa na mvumo tu, ule wa ardhi yenyewe. Halafu nikasikia. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Yalikuwa mapigo yaliyopangwa, yasiyo na haraka, na yalifika sikio la magharibi kwanza. Nikampa mwenyekiti wa kikundi vifaa, akasikiliza, akatoa kofia kichwani.

"Magharibi!" akapaza sauti. "Yuko hai, yuko magharibi!"

Watu wakalia kwa furaha. Mama Minza hakulia, alinitazama mimi. Na mimi nywele za mikononi zilikuwa zimenisimama. Mtu aliyefukiwa anagonga kwa woga. Anaharakisha, anapumzika, anakosea. Huyu hakukosea.

"Subirini kidogo," nikasema.

"Mama Limi, tusubiri nini? Hewa inakwisha kule!"

"Nipe muda wa kunakili diski. Waambie waandae zana."

Alisonya, na alikuwa na haki ya kusonya. Nilifungua boksi la Kulwa, nikatoa diski, nikainakili yote bila kukiruhusu kiini kuifungua, kisha nikafanya kazi kwenye nakala. Orodha ya yatima ilikuwepo, na ndani yake namba moja tu. Faili lilikuwa zima, tangu lilipoanza asubuhi mpaka jenereta lilipozimika. Nililigeuza kuwa sauti, nikaanza mwanzo.

Kulikuwa na jenereta. Kulikuwa na watu wanashuka, wanacheka, mmoja anamtania mwenzake juu ya mke wa pili. Kulikuwa na nyundo. Na chini ya vyote, upande wa magharibi, ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Mwamba ulikuwa haujaanguka bado. Hakuna aliyekuwa amefukiwa. Nilirudisha nyuma kabisa, kabla mtu yeyote hajashuka, duara likiwa tupu. Yalikuwepo.

Nilitafuta sababu, kama mlivyofundishwa. Pampu hupiga mfululizo, na pampu yao ilikuwa juu. Tone la maji halihesabu mpaka tatu. Niliacha kutafuta, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyehitaji jibu jingine. Nikasogea mbele mpaka kwenye muungurumo wa mwamba kuanguka, ambao sitaki kuuelezea, na nikasikiliza kilichofuata. Vumbi linatulia. Ko, ko, ko, magharibi. Kisha, dhaifu, kwa kuchelewa, mapigo mengine yakafika sikio la mashariki kwanza: ko, ko.

Mawili. Yana haraka, halafu yanapumzika, halafu yanakosea. Matatu ya magharibi, mawili ya mashariki, na yale mawili yakizidi kuwa dhaifu kadiri faili linavyokwenda mwisho. Ndiyo maana kwenye boksi la akiba hatukuyasikia tena.

Nilimwita mwenyekiti na Mama Minza pamoja. "Chimbeni mashariki."

"Lakini tumemsikia magharibi! Hata sasa anagonga!"

"Yule alikuwa anagonga asubuhi, kabla hamjashuka. Sikiliza mwenyewe. Luhende hapo alikuwa juu anakunywa uji."

Alisikiliza. Rangi ilimtoka usoni. Akamtazama Mama Minza, na Mama Minza akachukua vifaa kutoka masikioni mwake, akasikiliza yale mawili, akafumba macho.

"Ni yeye," akasema. "Hata mlango anagonga hivyo hivyo. Chimbeni mashariki, baba."

Walichimba mashariki. Kama ningekosea, mtoto yule angezaliwa bila baba kwa neno langu, na nilikaa na jambo hilo kwenye kifusi mpaka waliposema wanaona mguu. Walimtoa akiwa hai, mweupe wa vumbi, midomo imepasuka. Mama Minza alimshika kichwa akaanza kumfokea kama mtu aliyechelewa sokoni. Walipomlaza kwenye machela, Luhende alifungua macho akauliza:

"Mwenzangu mmemtoa?"

"Mwenzako nani? Ulikuwa peke yako."

"Huyo niliyekuwa namjibu." Alimeza mate. "Nilijua ni ninyi, mnanitafuta. Halafu nikasikia anatoka ng'ambo ya magharibi, ambako hakuna njia. Nikawa namjibu tu. Kila nilipotaka kulala, anagonga. Mkono wangu ulipochoka hakuacha. Nisingemsikia ningelala, mama, na ningelala moja kwa moja."

Nilikuwa bado nimeweka kifaa kimoja sikioni. Ko, ko, ko. Kimya kirefu kuliko mwanzo, kama mtu anayengoja ajibiwe.

Hapo mwenyekiti akasimulia, akitazama viatu vyake. Nyuma ya ukuta wa magharibi kulikuwa na duara la zamani, la wachimbaji waliokuwepo kabla ya kikundi chao. Liliporomoka, na kijana mmoja wa Kishapu aliyeitwa Mhoja akabaki humo. Wenzake walifukia mdomo wa shimo, wakasambaa, kila mmoja na njia yake. Yeye aliyasikia haya kwa wazee wa pale, na alipopata eneo hakuyauliza tena. Alikuwa ameshapanga kuijaza magharibi mawe juma lile lile.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nitajazaje?"

Walifungua ukuta kwa siku kadhaa, polepole, kwa magogo mengi, na boksi la akiba lilibaki linasikiliza. Niliipitia rekodi ya siku ya mwisho baadaye. Ko, ko, na lile la tatu ni sururu ya Kulwa ikitokeza upande wa pili. Baada ya hapo hakuna. Walikuta mifupa ya mtu mmoja na bangili ya shaba, imekaa, mgongo ukutani.

Kiraka nilikiandika nilipokuwa nangoja habari hizo. Kinafanya jambo dogo: boksi likiwaka baada ya kuzimika ghafla, kiini kisifagie yatima papo hapo. Kiwaweke kando, kimwambie mtumiaji kuna kitu hapa hakina jina, kisubiri mtu atazame ndipo aruhusu. Nilikituma kwa wale watunzaji wa mbali. Mmoja alinijibu kwa adabu kwamba hajaona ni nani angehitaji jambo kama hilo. Niliandika majibu mengi nikayafuta, mwisho nikatuma sentensi moja: kulikuwa na mtu ndani. Hawakukipokea, na siwalaumu, wao hawana duara. Kwa hiyo kimebaki chetu, na kila toleo jipya la kiini likija inabidi mtu akikalie upya na kukirekebisha. Najua kinachosha. Nimekirekebisha mimi mpaka siku niliyorudisha funguo za ofisi.

Tuliipeleka mifupa Kishapu, kwa mama yake, Bibi Holo. Sikuwa na kazi huko. Nilitaka tu kwenda. Luhende alikuja pia, akichechemea, na aliomba yeye ndiye abebe. Ni nchi kavu ile, pamba ilikuwa imeshavunwa na ng'ombe wanatembea kwenye mabua. Nyumbani kulikuwa na kitoto kichanga kinalia ndani. Kililia tulipoingia, kikalia wakati wa kuamkiana, kikalia sala nzima na udongo wote mpaka kaburi likafunikwa.

Bibi Holo hakushangaa kutuona. Alitushukuru, "Wabeja, wabeja sana," akatukalisha, akaninong'oneza mimi, akiniita mayu, yaani mama, labda kwa kuwa nilikuwa mwanamke mzee kama yeye.

"Nilijua hajafika, mayu. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, tunasema kuna mkubwa aliyetangulia anataka jina. Tunamtajia majina. Likitajwa lake, mtoto ananyamaza. Hapa nyumbani kila mjukuu aliyelia nilimtajia Mhoja. Kila mmoja alizidi kulia. Watu wakaniambia pengine Mhoja yuko hai mjini, amenisahau. Nikasema hapana. Si hai, na kwa waliotangulia hajafika. Kuna kitu kimemshika."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka chini, maana nilimsikia Mzee Hamidu, marehemu, kule Isaka, akisema, "Uliza nani amelishika," nikaogopa kumwaga chai ya watu.

Bibi Holo aliingia ndani akatoka na yule mtoto, uso umekunjamana, anapiga mateke. Akamwelekeza kaburini, akamwinamia sikioni.

"Mhoja," akamwambia.

Mtoto akanyamaza. Luhende, aliyekuwa amesimama kando na kofia mkononi, alikaa chini kwenye udongo, akalia kwa sauti mbele ya watu wazima wote, na hakuna aliyemzuia.

Nimesikiliza kimya cha kila namna kwenye hii kazi. Kile sijakisikia tena. Niliporudi Kahama nilifungua nakala ya diski, nikalikuta lile faili likiwa bado na namba tu, nikaliandikia jina la Mhoja. Sijawahi kulisikiliza tangu hapo.

Basi nendeni kwenye kikao chenu. Mkikiondoa kiraka, maboksi yatawaka upesi. Mkikiacha, atakayewasha asimame mbele ya boksi kidogo, agonge bati kwa kidole, asubiri. Linachelewa kwa sababu linauliza kama kuna mtu.